Mafundi wanaopima ukuta kabla ya kuupaka rangi: tathmini ya huduma ya kutibu unyevu na ukungu mjini Tanga

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya kikundi kidogo cha mafundi wa mjini Tanga wanaotengeneza kuta zenye unyevu, chumvi na ukungu. Si kampuni. Hawana duka wala bango barabarani, na kazi huwafikia kwa mtu kumwelekeza mwenzake, kwa hiyo majina yao nimeyaacha. Ninachotaka kukieleza kwa kirefu ni utaratibu wao wa kazi, kwa sababu ni utaratibu ambao mwenye nyumba yeyote wa ukanda wa pwani anaweza kuudai kwa fundi wake, na kwa maoni yangu ndio unaotenganisha kazi ya kutibu ukuta na kazi ya kuufunika.

Nyumba yenyewe ni ya mama yangu. Imejengwa kwa matofali ya saruji, imeezekwa bati, na iko karibu na bahari kiasi kwamba nondo za madirisha huliwa na kutu mapema. Kwa miaka mingi ilikuwa ikipakwa rangi kila baada ya masika, na kabla vuli haijakwisha rangi ya sebuleni ilikuwa tayari imeumuka, imepasuka na kuanza kubanduka kwa magamba kuanzia usawa wa sakafu hadi karibu na kiuno cha mtu mzima. Chumbani kwa mama, madoa meusi yalikuwa yameenea kwenye pembe ya dari na nyuma ya kabati la nguo. Mafundi waliotangulia walikuwa na jibu moja kwa yote hayo: kukwangua, kupiga skimu, kupaka praima, kisha rangi mikono miwili. Mmoja wao alituuzia rangi ya bei kubwa iliyosifiwa kuwa inazuia maji, akaipaka juu ya lipu iliyokuwa bado mbichi kwa unyevu, na masika yalipofuata ukuta ulivimba juu zaidi ya pale ulipokuwa umevimba mwanzo.

Mama ana pumu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu ndani ya majengo, na ndani yake lilieleza kwamba wakazi wa nyumba zenye unyevu na ukungu wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupata matatizo ya upumuaji, maambukizi ya njia ya hewa na kuzidiwa na pumu. Kwetu sisi, basi, jambo hili halikuwa la urembo wa nyumba.

Fundi mkuu alipofika mara ya kwanza hakuja na brashi wala orodha ya rangi. Alikuja na tochi, bisibisi, kipande cha nailoni nene, selotepu pana, chupa ya kunyunyizia maji, kichupa cha jiki na kitambaa cheusi. Alimsalimia mama, "Shikamoo mama," akaitikiwa, kisha akaketi na kuuliza maswali ambayo hakuna fundi rangi aliyewahi kutuuliza: madoa ya chumbani huongezeka wakati wa mvua au hata wakati wa kiangazi, kiyoyozi huwashwa saa ngapi na kwa nyuzi ngapi, nguo zilizofuliwa hukaushwa wapi mvua ikinyesha, bafu lina dirisha au halina. "Mama," alisema, "mimi rangi nitakuuzia mwisho. Kwanza nioneshe maji yanaingilia wapi."

Maswali hayo yana maana yake. Doa linalopanuka mvua ikinyesha na kukauka ikikatika ni la paa, gata au ufa wa nje. Doa lisilojali msimu mara nyingi ni la bomba. Unyevu unaoanzia chini na kukoma kwa mstari usiozidi takriban mita moja ni wa ardhini, na madoa yanayozidi pale kiyoyozi kinapowashwa sana yanatokana na mvuke wa hewani kugeuka maji juu ya ukuta uliopoa. Kila kimoja kina tiba yake, na tiba ya kimoja ikipelekwa kwa kingine ni fedha iliyotupwa.

Uchunguzi huu wanautoza ada, na ada hiyo hukatwa kwenye bei ya kazi endapo utawapa kazi. Nawaunga mkono kabisa katika hili. Fundi anayekadiria bure analazimika kurudisha muda wake kwa kuuza ndoo za rangi, na hapo ndipo ushauri unapoharibika.

Baada ya maswali, kazi ilianzia nje. Alipanda ngazi kuangalia misumari ya bati na kofia ya paa, akamwaga maji kwenye gata kuona yanatiririkia wapi, kisha akafunga bomba zote za nyumba na kuangalia kama mshale wa mita ya maji unaendelea kuzunguka. Ulikuwa unazunguka, polepole sana. Kwa hiyo kabla ya kugusa ukuta wowote tulijua kwamba kuna bomba linalovuja mahali fulani, jambo lililokuwa likiongeza bili ya maji kwa muda ambao hatuwezi kuujua.

Ukuta wa sebuleni ndio uliochukua muda mrefu zaidi, na ndio ulionifundisha mengi. Chini ya magamba ya rangi kulikuwa na unga mweupe uliojaa manyoya madogo yanayong'aa, ambao mafundi wa awali walikuwa wakiuita ukungu na kuupaka dawa. Fundi aliunyunyizia maji, ukatoweka papo hapo. Akatuonesha kwamba ukungu hauyeyuki kwa maji, ilhali chumvi huyeyuka, kisha hurudi ukuta unapokauka. Pembeni yake alibandika kipande cha nailoni cha takriban sentimita 45 kwa 45, akakiziba kwa selotepu pande zote nne na kukiacha hadi siku ya pili. Tulipokibandua, upande uliotazama ukuta ulikuwa na matone na ule uliotazama sebule ulikuwa mkavu. Maji, basi, yalikuwa yanatoka ndani ya ukuta kuja nje. Kingelikuwa na matone upande wa sebule, tatizo lingekuwa hewa ya chumba.

Saruji na tofali vina vitundu vidogo sana vinavyovuta maji ya ardhini kwenda juu kama utambi wa taa unavyovuta mafuta. Ndiyo sababu wajenzi hutandaza nailoni juu ya msingi kabla ya kupanga tofali la kwanza. Nailoni hiyo kwetu ipo, lakini vibarua waliojenga kibaraza cha mbele walipandisha udongo wa bustani na zege la kibaraza hadi juu yake, kwa hiyo maji yalikuwa yakiizunguka na kuingia ukutani kwa juu. Maji hayo hubeba chumvi za udongo, na pengine chumvi zilizokuwamo tangu mwanzo katika mchanga uliotumika kupigia lipu, kwa kuwa mchanga wa ufukweni usiooshwa bado hupenya katika ujenzi wa miji yetu ya pwani. Yanapofika usoni mwa ukuta hukauka, chumvi ikabaki, ikajenga fuwele, na fuwele hizo zinapokua nyuma ya rangi huisukuma hadi ibanduke. Tena, chumvi yenyewe hunyonya unyevu wa hewani, ndiyo maana ukuta wa namna hii huonekana umelowa hata siku ambayo mvua haijanyesha.

Ukishaelewa hivyo unaelewa pia kwa nini rangi ya kuzuia maji iliharibu zaidi. Iliziba sehemu ambayo maji yalikuwa yakitokea kukauka, yakapanda juu kutafuta pengine pa kutokea. Hili fundi alilieleza bila kumtukana aliyelifanya, na niliipenda heshima hiyo.

Tiba waliyoitoa ilikuwa ndefu. Waliondoa udongo wa bustani hadi chini ya usawa wa nailoni, wakakata ukanda wa zege la kibaraza uliogusa ukuta na kuweka mfereji wenye kokoto unaopeleka maji mbali na nyumba. Ndani, walibomoa lipu yote hadi takriban nusu mita juu ya alama ya mwisho ya unyevu, wala hawakutaka kuokoa hata kipande kilichoonekana kizima, kwa sababu lipu iliyokwisha kujaa chumvi haiponi. Tofali lililobaki wazi walilisugua kwa brashi kavu na kukusanya chumvi kwenye beseni. Msaidizi wao alipotaka kuliosha kwa maji alizuiwa, kwani maji yangeiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani. Kisha wakaacha.

Kuacha huko ndiko kunakowashinda wenye nyumba wengi. Kanuni inayotumiwa sana na watu wa majengo ni kwamba ukuta uliolowa huhitaji takriban mwezi mmoja kukauka kwa kila sentimita 2.5 za unene wake, na ingawa upepo wa kaskazi husaidia, ukuta wa tofali la inchi sita hauwezi kuharakishwa kwa maneno. Sebule ilikaa na ukuta uliochunwa huku viti vimesogezwa katikati ya chumba, na wageni wakieleza kila mmoja mawazo yake. Mafundi walikuwa wakipita kubandika nailoni na kuondoka. Walipiga lipu mpya tu pale nailoni ilipokaa hadi siku ya pili bila tone, wakitumia mchanga wa mtoni ulioosheka na mchanganyiko wa saruji na chokaa ili lipu iweze kupumua, na baada ya hapo wakasubiri tena siku 28 kabla ya rangi.

Siku hizo 28 hazikuwekwa kwa mazoea tu. Lipu mbichi ya saruji ina ukali wa alkali wa kiwango cha pH 12 hadi 13, na ukali huo hushambulia rangi, hasa ya mafuta, ambayo mafuta yake hugeuka kitu kama sabuni, yakanata na kutoa ute. Ukuta wa jikoni kwetu ulikuwa na ugonjwa huo: rangi ya mafuta ilipakwa juu ya lipu changa, na ulipoibonyeza kwa kidole cha gumba kuna sehemu ilikuwa ikiacha alama. Hapo dawa ilikuwa kuikwangua yote, kuweka praima inayostahimili alkali na kupaka upya.

Lazima niseme pia kile ambacho hawakukiweza. Njia kamili zaidi ya kuzuia maji yanayopanda ni kuukata ukuta vipande kwa vipande na kuingiza nailoni mpya, au kutoboa matundu mfululizo chini ya ukuta na kujaza kemikali inayofukuza maji. Walituambia wazi kwamba vifaa vya kazi hiyo hawana, na kwamba njia yao ingepunguza tatizo kwa kiasi kikubwa bila kuahidi kulimaliza. Masika yamepita tangu hapo. Rangi imeshika ukuta mzima isipokuwa sehemu fupi karibu na mlango, ambako unga mweupe kidogo umejitokeza tena juu ya sakafu. Walikuwa wametuambia mapema kwamba huenda ukatokea na kwamba tuufute kwa brashi kavu. Matokeo hayo yanalingana na walichoahidi, na kwangu hiyo ni sifa kubwa kuliko ahadi ya miaka kumi isiyo na mtu wa kuitimiza.

Chumbani kwa mama hali ilikuwa nyingine kabisa. Fundi alidondosha tone la jiki iliyochanganywa na maji juu ya doa moja jeusi; baada ya dakika moja hivi doa likapauka. Masizi na uchafu wa kawaida hubaki vilevile, ukungu hupoteza rangi. Kisha akabandika nailoni, na hapa matone yalitokea upande wa chumba. Kwa hiyo ukuta haukuwa na maji ndani yake. Ulikuwa ukiyapokea kutoka hewani.

Maelezo yake kuhusu kiyoyozi ningependa kila mkazi wa pwani ayasikie. Hewa yenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, ambayo Tanga, Dar es Salaam au Mombasa si hewa ya ajabu, huanza kuacha maji juu ya kitu chochote chenye baridi ya chini ya takriban nyuzi 26. Mama alikuwa akiweka kiyoyozi nyuzi 18 usiku, dirisha moja likiwa limeachwa wazi kidogo kwa ajili ya hewa. Kuta zilipoa, hewa ya nje ikaingia na kuzilowesha, na nyuma ya kabati, mahali ambapo hakuna upepo unaopita, unyevu huo haukupata nafasi ya kukauka. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba ukungu mzito kuliko wote haukuwa chumbani bali upande wa pili wa ukuta uleule, kwenye korido isiyo na kiyoyozi, nyuma ya picha kubwa ya ukutani. Fundi aliishusha picha hiyo kabla hatujamwambia lolote, kwa sababu alijua ukuta unapooza korido kutoka nyuma. Mgongo wa fremu ulikuwa umefunikwa na utando wa kijani kibichi.

Masharti aliyotuwekea kabla ya kupaka yalikuwa mepesi: kiyoyozi kipandishwe hadi nyuzi 25 au 26 na madirisha yafungwe kinapowaka, kabati lisogezwe kutoka ukutani upana wa kiganja, nguo mbichi zisianikwe ndani, na mlango wa bafu ufungwe wakati wa kuoga huku dirisha lake likiwa wazi. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, inashauri unyevu wa ndani ya nyumba ubaki chini ya asilimia 60. Kwenye pwani yetu kiwango hicho ni kigumu kukifikia mwaka mzima, ila kifaa kidogo cha kupimia unyevu kinakuonesha angalau chumba gani kinazidi vingine, na mafundi hawa walituachia cha kwao kwa wiki kadhaa bila malipo.

Usafishaji ulianza kwa maji ya sabuni na sifongo, na jiki ikafuata baadaye kwenye madoa yaliyokaidi. Watu wengi huamini kwamba kuuua ukungu kunatosha, lakini mabaki yaliyokufa bado yanaweza kumsumbua mwenye pumu au mzio. Ni lazima yaondolewe. Kipande cha dari ya jipsamu kilichokuwa kimelowa hadi kulegea hawakujaribu kukisafisha. Walikikata, wakakifunga ndani ya mfuko wa plastiki wakiwa mlemle chumbani na kukitoa nje, kwa kuwa jipsamu na karatasi yake huruhusu ukungu kupenya hadi ndani. EPA hiyohiyo inasema eneo lisilozidi takriban mita moja ya mraba mwenye nyumba anaweza kulisafisha mwenyewe, na zaidi ya hapo apate msaada wa mwenye ujuzi.

Hapa ndipo penye lawama yangu kubwa kwao. Fundi mkuu alivaa glavu, miwani na barakoa, lakini kijana aliyekuwa akisugua dari, ambaye ndiye aliyepata vumbi lote usoni, alikuwa amejifunga kitambaa tu, na jiki ilichanganywa kwa kukisia. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kinashauri kisizidi kikombe kimoja cha jiki kwa takriban lita nne za maji, madirisha yakiwa wazi, na isichanganywe kamwe na amonia wala dawa za choo zenye asidi, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu. Nilipowaeleza walinunua barakoa siku hiyohiyo. Hata hivyo, mtu anayeuza huduma ya afya ya nyumba hapaswi kukumbushwa afya ya msaidizi wake. Mama, bila shaka, alikuwa amehamia kwa dada yangu kwa muda wote huo, na nashauri mgonjwa wa pumu asiwepo kabisa kazi hii inapofanyika.

Juu ya kuta hizo kavu na safi ndipo walipopaka rangi ya maji yenye dawa ya kuzuia ukungu. Rangi za aina hii zinauzwa sana sasa, na maoni yangu ni kwamba zina faida yake mahali pake. Dawa iliyomo ndani huzuia ukungu kuota juu ya uso wa rangi, na kwa bafu au korido yenye hewa nzito ni nyongeza nzuri. Lakini haizuii maji, haiponyi ukuta ulio mgonjwa chini yake, na nguvu yake hupungua kadiri miaka inavyokwenda na ukuta unavyosuguliwa. Anayeipaka juu ya ukungu ulio hai amenunua miezi michache. Rangi walituachia tununue wenyewe, jambo linaloondoa shaka, na waliifungua mbele yetu na kuongeza maji kwa kiasi kilichoandikwa kwenye ndoo, bila kuzidisha ili ienee.

Mambo ya nje ya nyumba waliyamaliza haraka. Ukuta wa magharibi ulikuwa unatoa unga. Walipitisha kitambaa cheusi, kikawa cheupe, dalili kwamba jua limekula gundi ya rangi, na hivyo waliuosha, wakaukausha na kuupa praima kabla ya rangi mpya. Malengelenge machache waliyapasua kwa kisu: yaliyokuwa na rangi ya zamani chini yake yalitokana na kupaka juani au juu ya vumbi, yaliyofunua lipu yenyewe yalikuwa na maji nyuma.

Kuhusu fremu za mbao za madirisha, ambazo zina matabaka ya rangi ya mafuta ya miaka mingi, walizilowesha kabla ya kupiga msasa na kutandika nailoni chini. Nawapongeza kwa hilo. Rangi za zamani za mafuta zinaweza kuwa na madini ya risasi. Marekani iliyapiga marufuku katika rangi za nyumbani mwaka 1978, nchi nyingi zikachelewa, na kiwango kinachopendekezwa kimataifa leo ni kisichozidi sehemu 90 katika milioni. Vumbi la msasa mkavu kutoka fremu hizo huishia mikononi mwa watoto wanaotambaa.

Mjomba wangu, anayeishi kwenye nyumba ya kale ya mawe huko Pangani, alituomba tuwapeleke kwake. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyojengewa chokaa, kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2000, na Lamu, iliyotambuliwa mwaka 2001. Alitaka zipigwe lipu ya saruji na rangi ya plastiki ili zing'ae. Walikataa kazi hiyo, nami nadhani kukataa kwao kuna thamani kuliko kazi zote walizotufanyia sisi. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupokea unyevu na kuuachia. Ukivishwa saruji ngumu na rangi isiyopitisha hewa, unyevu unabaki ndani, chokaa inalegea, na kinachobanduka baadaye ni lipu nzito pamoja na mawe yake. Walimshauri apake chokaa iliyozimwa vizuri, mikono kadhaa myembamba juu ya ukuta uliolowanishwa kidogo. Chokaa hiyo inapokauka huvuta hewa ya kaboni na kugeuka tena jiwe jembamba, huacha ukuta upumue, na alkali yake huwa haifai kwa ukungu kuota. Itahitaji kurudiwa mara nyingi kuliko rangi ya dukani, na anayeipaka alinde macho yake, maana chokaa mbichi huunguza. Mjomba aliwasikiliza kwa shingo upande, lakini aliwasikiliza.

Kasoro zilizobaki ni za uendeshaji. Kati ya hatua moja na nyingine walichelewa kuliko walivyoahidi, na mara mbili fundi mkuu hakupokea simu hadi jioni. Hawaandiki mkataba, kila kitu ni mdomo, pamoja na ahadi yao ya kurudi kurekebisha. Kazi ya kubomoa lipu ilijaza vumbi hadi vyumba ambavyo havikuhusika kwa kuwa walitundika shuka mlangoni mahali ambapo nailoni yenye selotepu ndiyo iliyohitajika. Bei yao ni kubwa kuliko ya fundi rangi wa kawaida, na haiwezi kulinganishwa moja kwa moja, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yao si rangi.

Siwashauri wale wanaotaka nyumba ipendeze kwa ajili ya harusi ya mwezi ujao wawaite mafundi hawa. Nawashauri wenye nyumba ambazo rangi yake haidumu, hasa pale penye mtoto mdogo, mzee au mgonjwa wa kifua, na wanaoweza kuvumilia chumba kimoja kukaa kimechunwa kwa miezi. Uchunguzi ufanyike mwishoni mwa masika, dalili zikiwa bado wazi, na lipu ibomolewe kiangazi kinapoanza ili ukuta upate muda wa kukauka kabla ya vuli. Kabla ya kuanza, waandikishe kwenye karatasi hatua zote, kipimo kitakachoonesha kwamba ukuta umekauka, nani atanunua barakoa na nailoni, na ni kiasi gani cha malipo kitakachobaki mkononi mwako hadi mvua za kwanza zipite. Sisi tulibakiza sehemu ya mwisho ya malipo kwa makubaliano ya mdomo, nao waliikubali bila ubishi na kurudi kukagua mvua zilipokatika.